Majeruhi Akirudi Nyumbani, Nani Hulipa?



Askari akijeruhiwa, mambo ya siku za kwanza yanajulikana. Gari hutafutwa, hospitali humpokea, madaktari hufanya kazi yao, na wakubwa wake huja kumjulia hali. Matata huanza siku ile daktari anapoandika kwamba mgonjwa aweza kwenda nyumbani, kwa maana kwenda nyumbani siko kupona. Mtu aliyevunjika uti wa mgongo huweza kuishi miaka mingi, lakini atahitaji mtu wa kumwogesha, wa kumbadilishia mpira wa mkojo, na wa kumgeuza kitandani kila baada ya saa mbili, usiku na mchana, asije akatoka vidonda vitakavyomrudisha wodini. Kazi hiyo ni ya nani, na gharama zake hutoka katika mfuko gani?

Hapa Uganda iko Sheria ya Fidia kwa Wafanyakazi ya mwaka 2000, ambayo haikulisahau swali hili. Mfanyakazi aliyelemaa kabisa na kwa daima kwa sababu ya kazi yake hulipwa mapato ya miezi 60. Na iwapo kilema chake hakimruhusu kuishi bila msaada wa mtu mwingine wakati wote, huongezewa robo ya fedha hizo. Tufanye hesabu. Mwenye mshahara wa shilingi 500,000 kwa mwezi atapata 30,000,000, na robo ya msaidizi ni 7,500,000. Akimlipa msaidizi 200,000 kwa mwezi, robo hiyo itakwisha kabla ya miaka minne haijatimia, hata bila ya kununua sabuni, pamba, dawa au kiti cha magurudumu. Kama majeruhi huyo ana umri wa miaka 30, miaka inayobaki italipiwa na jamaa zake.

Tena sheria hiyo haiwahusu wote wanaotusikiliza. Huwahusu watumishi wa Serikali, na polisi wamo. Lakini imetamka waziwazi kwamba haiwahusu wanajeshi walio katika utumishi. Mwanajeshi hutazamwa kwa sheria za malipo ya uzeeni za jeshi lenyewe, na hutibiwa katika hospitali za jeshi kama vile Bombo na Mbuya. Kwa hiyo koplo wa jeshi na koplo wa polisi waweza kuumia katika gari moja, barabara moja, na kila mmoja akawa na njia yake ya kudai. Mwenye kudhani kwamba haki ya mwenziwe ndiyo haki yake atapoteza wakati mwingi mbele ya meza isiyo yake.

Wako wanaosema, basi tununue bima. Ni wazo jema, lakini hati ya bima isomwe mpaka mwisho, na hasa ile sehemu ya maandishi madogo inayotaja mambo yasiyolipiwa. Mikataba mingi ya bima ya maisha na ya ajali huacha nje madhara ya vita, maasi na ghasia. Kwa mwenye duka neno hilo ni dogo. Kwa askari, ndiyo kazi yake yenyewe. Atakuwa analipa kila mwezi kwa ajili ya hatari zote isipokuwa ile iliyo karibu naye kuliko zote. Bima ya matibabu nayo ina mpaka wa fedha kwa mwaka, na kwa kawaida huhesabu kitanda cha hospitali, daktari na dawa. Muuguzi wa kuja nyumbani kwa miaka aghalabu hayumo, na mke anayeacha biashara yake sokoni ili amtunze mumewe hayumo kabisa. Kwangu mimi hiyo ndiyo gharama kubwa kupita zote, nasi wanaume twaihesabu kuwa bure.

Bima ya afya ya taifa isingojewe. Bunge liliupitisha muswada wake tarehe 31 Machi 2021, lakini haukutiwa saini. Majirani zetu wamekwenda njia zao: Rwanda ilianzisha bima ya matibabu ya wanajeshi kwa sheria ya mwaka 2005, na Kenya iliuondoa mfuko wake wa zamani na kuanza mamlaka mpya tarehe 1 Oktoba 2024, mwenye mshahara akichangia asilimia 2.75. Lakini hata huko, kadi ya bima haimgeuzi mgonjwa kitandani usiku wa manane.

Si kwamba matunzo ya nyumbani hayajulikani kwetu. Tangu mwaka 1993 Hospice Africa Uganda imekuwa ikiwafuata majumbani wagonjwa wa saratani na wengineo wenye maradhi mazito, kwa dawa ya mofini ya kunywa ya kutuliza maumivu. Mwenye mgonjwa wa aina hiyo na aulize mapema. Wengi huuliza siku za mwisho.

Basi askari angali mzima, na aende katika ofisi ya mishahara aulize mambo haya: nikilemaa, malipo yangu yana fungu la mtu wa kunitunza? Familia yangu itaendelea kutibiwa wapi baada ya mimi kuacha kazi? Ni nani niliyemwandika kuwa mrithi, na je, bado ni yeye? Akiumia, ajali iandikwe kitabuni mara moja, kwa kuwa sheria ya fidia huhesabu muda wa kutoa taarifa kwa mwezi mmoja. Akiba kidogo katika chama cha kuweka na kukopa iwekwe kwa jina la shughuli hii, isichanganywe na fedha za mabati wala za mahari. Na karatasi hizo zote zisikae katika sanduku la kambini peke yake. Nakala moja ikae kwa mkewe, au kwa mumewe ikiwa askari ni mwanamke, kwa sababu siku hiyo mwenye kwenda kuzionyesha ofisini hatakuwa askari mwenyewe.