Nani Atamlipia Karo Mkimbizi Anayetaka Kusomea Samaki?

(MUZIKI WA KUFUNGUA, KISHA UNASHUKA)

MTANGAZAJI: Leo tunazungumza na wewe uliyemaliza sekondari, au unayekaribia kumaliza, na unataka kusomea biolojia ya samaki na uvuvi katika chuo kikuu. Alama unazo. Karo ndiyo huna.

Tuanzie Busia, mji ulio mpakani. Upande mmoja ni Kenya, upande wa pili ni Uganda, na maafisa wa nchi zote mbili wanahudumia wasafiri katika kituo cha pamoja, kilichozinduliwa rasmi mwaka 2018. Kusini kwake kuna Ziwa Victoria: Port Victoria na Sio Port kwa upande wa Kenya, Majanji kwa upande wa Uganda. Dagaa wa ziwa hilo Mkenya anawaita omena, Mganda anawaita mukene. Samaki wenyewe hawajui mpaka. Ufadhili wa masomo unaujua vizuri sana, na hapo ndipo vijana wengi wanapotea njia.

Ufadhili mkubwa wa shahada ya kwanza kwa wakimbizi unaitwa DAFI. Ulianza mwaka 1992. Fedha nyingi hutoka serikali ya Ujerumani, na msimamizi ni UNHCR. Hulipa karo, vitabu na vifaa, na husaidia chakula, malazi na usafiri. Lakini DAFI hukusomesha katika nchi iliyokupa hifadhi. Ukiwa umesajiliwa Kakuma au Dadaab, unaomba Kenya na kusoma Kenya. Ukiwa Nakivale au Kyangwali, unaomba Uganda na kusoma Uganda. Katika nchi zote mbili, shirika la Windle International limekuwa likishughulikia maombi na wanafunzi kwa niaba ya UNHCR.

Kwa hiyo usivuke Busia kwa sababu umesikia kuna chuo kizuri ng'ambo. Ukiondoka kambini bila kibali na hati ya kusafiria, unaweza kukosa ufadhili na pia kuhatarisha usajili wako. Uliza kwanza ofisi inayokuhudumia.

(MUZIKI MFUPI)

MTANGAZAJI: Sasa, chuo gani? Uganda, Chuo Kikuu cha Makerere kinafundisha sayansi ya samaki na ufugaji wake. Chuo Kikuu cha Busitema, kilichoanzishwa mwaka 2007, kiko katika wilaya ya Busia, lakini masomo yake ya uvuvi na rasilimali za maji yako Namasagali, wilaya ya Kamuli, kando ya mto Nile. Ukijaza fomu, angalia jina la kampasi, usije ukapanga safari ya Busia bure. Kwa Kenya, Chuo Kikuu cha Eldoret kina idara ya uvuvi na sayansi ya viumbe vya majini. Popote uendako, biolojia na kemia ndizo nguzo. Ukiwa bado shuleni, usiziache.

Jambo la tatu ni vyeti. Ukiwa na Diploma ya Serikali kutoka Kongo, au cheti cha Sudan Kusini, Burundi au Somalia, chuo kitataka kujua kinalingana na kiwango gani hapa. Vyeti vya sekondari hulinganishwa na UNEB kule Uganda, na KNEC kule Kenya. Kazi hiyo huchukua muda, na tangazo la ufadhili halikungoji. Anza sasa, hata kabla ya tangazo. Hakikisha pia jina kwenye cheti ni sawa na jina kwenye kadi yako ya ukimbizi. Herufi moja tu ikitofautiana, unaweza kuchelewa.

Kisha kuna mahojiano. DAFI hupendelea masomo yanayoweza kukupa kazi, kwa hiyo utaulizwa: kwa nini samaki? Usijibu kwamba unapenda maziwa tu. Eleza kazi yenyewe. Mtaalamu wa samaki hupima urefu na umri wa samaki, hujua wanazaa lini na wapi, na ushauri wake husaidia kuamua ukubwa wa matundu ya nyavu. Kanuni kwamba sangara wa chini ya sentimita 50 asivuliwe inatokana na ujuzi wa namna hiyo: samaki apate kuzaa kwanza. Tena siku hizi wafugaji wanafuga sato katika vizimba ndani ya ziwa, na wanahitaji watu wa kuangalia maji, chakula na magonjwa. Ujuzi huo utakufaa hapa, na utakufaa ukirudi nyumbani, iwe Ziwa Tanganyika, Kivu au mto Nile.

Usipoteze muda kwa mikopo ya HELB ya Kenya wala ya bodi ya mikopo ya Uganda. Hiyo ni ya raia. Kama uko Uganda, ulizia pia ufadhili wa Mastercard Foundation pale Makerere, ambao umekuwa ukipokea vijana wasio na uwezo, wakimbizi wakiwemo.

Na la mwisho, shika hili: fomu ya DAFI hailipiwi. Hakuna shilingi ya usajili, hakuna ya mahojiano, hakuna ya "kusukuma faili". Anayekuomba pesa ni tapeli, hata akivaa kitambulisho shingoni. Mripoti katika ofisi ya UNHCR.

Nafasi ni chache kuliko waombaji, na ukikosa mwaka huu unaweza kujaribu tena mwaka ujao, mradi bado unatimiza masharti ya umri na alama. Leo jioni toa vyeti vyako, vipange, na uangalie majina. Binti yako au dada yako akiwa na alama nzuri, mpangie na yeye.



(MUZIKI WA KUFUNGA)