Januari Haisubiri Pamba

Mwaka 2016 Tanzania ilifuta ada hadi kidato cha nne. Kwa shule za sekondari za kutwa, ada hiyo ilikuwa shilingi 20,000 kwa mwaka. Za bweni, 70,000. Unafuu ulikuwa wa kweli. Hata hivyo, mzazi aliyewahi kumpeleka mtoto kidato cha kwanza anajua kilichobaki: sare jozi mbili, sweta, viatu vyeusi, begi, madaftari makubwa, nauli na chakula cha mchana.

Mwenye mshahara hununua vyote hivyo bila kugusa pesa ya unga, na ziada yake huishia kwenye twisheni. Kwa kaya maskini hesabu ni nyingine. Mwaka 1857 mtakwimu wa Ujerumani, Ernst Engel, alionyesha kwamba kadiri kipato kinavyopungua, ndivyo chakula kinavyomeza sehemu kubwa zaidi ya matumizi. Kinachosalia hugombaniwa na dawa, mbegu na shule.

Lakini ukubwa wa kipato ni nusu tu ya habari. Nusu nyingine ni majira.

Mkulima wa pamba mkoani Simiyu huuza kuanzia Mei. Shule zikifunguliwa Januari, akiba ya chakula imepungua, vibarua wa palizi wanadai ujira, na pesa ya pamba ilishakwisha zamani. Mwenzake wa korosho kule Mtwara huuza kwenye minada inayoanza Oktoba. Malipo yakija kwa wakati, Januari inamkuta na chochote mkononi. Hata wakipata fedha sawa kwa mwaka, ni yule wa Simiyu atakayemtoa mbuzi kwa bei ya hasara ili mtoto apate viatu.

Wala sare si jambo dogo. Magharibi mwa Kenya, ambako ada ya shule za msingi ilifutwa mwaka 2003, watafiti Esther Duflo, Pascaline Dupas na Michael Kremer walifuatilia wanafunzi waliopewa sare bure. Walioacha shule walipungua, na mimba za wasichana pia zikapungua.

Wazazi wa ukanda wa pamba, nunueni sare pamba inapouzwa, msingoje Desemba. Nanyi wakuu wa shule, mpokeeni mtoto na sare yake ya shule ya msingi hadi Juni. Msimrudishe nyumbani kwa sababu ya sketi.