Gemu za Zamani (2): Muziki wa Mario Tuliousikia Kagera

Mtu aliyekulia Kashai au Kamachumu akicheza Super Mario kwenye mashine ya Kichina iliyochomekwa kwenye TV ya chogo, leo akiusikia muziki ule ule kwenye simu ya mwanawe atauona unakwenda mbio. Masikio yake hayamdanganyi. Muziki aliouzoea ulikuwa wa taratibu zaidi kwa sehemu moja kati ya sita, na sababu yake inafaa kuelezwa vizuri.

Katika makala ya kwanza tulizitazama mashine zenyewe. Ya asili ni Famicom ya Nintendo, iliyoingia sokoni Japani tarehe 15 Julai 1983. Zilizotufikia sisi kwa wingi zilikuwa za kuigiza, baada ya televisheni kuanza kuenea Tanzania Bara kuanzia mwaka 1994, ITV ilipoanza kurusha matangazo. Hayo yanatosha. Leo tusikilize.

Televisheni ya Japani huchora picha 60 kwa sekunde. Mfumo wa PAL, ambao ndio uliokuwa wetu, huchora 50. Ndani ya gemu hizi hakuna saa nyingine inayoongoza muziki: kila picha moja inapochorwa, programu husogea hatua moja kwenye wimbo. Picha zikipungua kutoka 60 hadi 50, wimbo nao unapunguza mwendo, na Mario mwenyewe anakimbia polepole. Nintendo walipoiuza gemu hii Ulaya waliurekebisha mwendo wake. Watengenezaji wa mashine za kuigiza waliichukua programu ya picha 60 kama ilivyo na kuitia kwenye mashine ya picha 50. Kimo cha sauti hakikushuka kiasi cha kusikika, maana chipu zao zilienda kwa karibu megahezi 1.77, jirani kabisa na 1.79 ya Japani. Hivyo tulipata noti zile zile, zikiwa zimetulia zaidi.

Chipu hiyo ina njia tano tu za sauti. Mbili hutoa wimbi la mraba, lenye sauti kali, na hizo ndizo hubeba wimbo na kiitikio chake. Ya tatu, ya wimbi la pembetatu, hupiga besi. Ya nne hutoa mvumo usio na noti, ambao ukikatwakatwa vizuri unakuwa ngoma. Ya tano hucheza vipande vifupi vilivyorekodiwa. Koji Kondo alitunga muziki wa Super Mario Bros. mwaka 1985 ndani ya mipaka hiyo, na gemu nzima, yaani picha, sauti na programu, ilienea kwenye kilobaiti 40. Picha moja ya simu ya leo ni kubwa kuliko hiyo mara nyingi sana. Sikiliza Mario anaporuka: mlio wa kuruka unaazima njia moja ya mraba, na kwa muda mfupi sana sauti moja ya muziki inanyamaza kuupisha. Mtunzi alipaswa kuandika wimbo unaovumilia kukatwa hivyo kila mchezaji anapobonyeza kitufe, na bado usichoshe kwa saa nzima.

Mhaya aliyewahi kumsikiliza mpiga enanga hatashangaa. Kwenye ala hiyo uzi mmoja umepitishwa mara saba au nane juu ya ubao, noti ni chache, kipande kifupi kinarudiwarudiwa, na juu yake hadithi ndefu inasonga mbele. Profesa M. M. Mulokozi alizitafiti tendi hizo za enanga kwa kina, na anayezisoma anaona jinsi uchache wa noti unavyoweza kuibeba kazi kubwa. Mimi naamini muziki wa Kondo unastahili kusikilizwa kwa heshima hiyo hiyo. Mwaka 2023 Maktaba ya Bunge la Marekani iliuingiza kwenye orodha ya rekodi za sauti zinazopaswa kuhifadhiwa, na ulikuwa muziki wa kwanza wa gemu kupata nafasi hiyo.

Lakini kilichohifadhiwa kule si tulichokisikia huku. Mbali na mwendo, chipu nyingi za kuigiza zilikuwa na kosa moja la ajabu: maumbo mawili ya wimbi la mraba yalibadilishana nafasi. Palipotakiwa sauti nyembamba ikatoka nene, na penye nene ikatoka nyembamba. Noti ni ile ile, ladha ni nyingine. Ukiutafuta mtandaoni muziki wa Mario utaupata wa Japani au wa Marekani. Wa Hamugembe huupati kirahisi, na mashine zilizoutoa zinakufa moja moja.

Zinakufaje? Bukoba hupata takriban milimita 2,000 za mvua kwa mwaka, na unyevu wa ziwa hauondoki. Kaseti ya gemu ikifunguliwa utaona meno 60 ya shaba, na kwenye iliyokaa kabatini muda mrefu kutu ya kijani imeanza pembeni. Sisi sote tulikuwa tukiipuliza kwa mdomo. Pumzi ina unyevu, na unyevu ndio unaoila shaba. Kaseti iliwaka kwa sababu ilichomolewa ikarudishwa, meno yakasuguana upya. Dawa ni spiriti kwenye pamba, kufuta taratibu, na kuacha ikauke. Ndani ya mashine, fundi redio yeyote pale sokoni Muleba anaweza kubadilisha kapasita zilizovimba. Tone jeusi la gundi ngumu lililofunika chipu lisiguswe. Likipasuka hakuna la kufanya. Adapta iangaliwe kwanza, kwa kuwa mashine hizi hazikukubaliana chanya iwe katikati au nje, na ukikosea unaiunguza.

TV ya chogo nayo isitupwe. Bunduki ya gemu ya kuwinda bata inaihitaji: ina jicho la mwanga ndani ya mtutu. Ukifyatua, skrini inakuwa nyeusi kufumba na kufumbua, kisha kisanduku cheupe kinatokea mahali pa bata, na jicho linauliza kama limekiona kwa wakati huo huo. TV bapa huchelewesha picha, na jicho hilo limetengenezwa kwa mwanga unaochorwa mstari kwa mstari. Utalenga vizuri na bata ataruka zake.

Kwa hiyo ninaomba kitu kimoja kwa yeyote mwenye mashine inayowaka, iwe Rwamishenye au Nshamba. Rekodi sauti yake. Chomoa waya mweupe wa sauti kwenye TV, uupeleke kwenye kompyuta kupitia tundu la kuingiza sauti. Anza hatua ya kwanza ya Mario, halafu usiguse pedi. Pale mwanzoni hakuna adui atakayemfikia akiwa amesimama, na muziki utazunguka wenyewe kwa zaidi ya dakika mbili kabla muda haujapungua hadi 100 na wimbo kuanza kukimbia. Zinatosha kuupata wote bila mlio wa kuruka kuukata. Kisha andika jina lililo kwenye kasha la mashine, namba zilizo chini yake, na mji ilikonunuliwa, uyahifadhi pamoja na rekodi.

Itaendelea.