Daftari la mgao linapokosea

Anayekodi kompyuta kwenye wingu hapewi wingu lote. Ana mgao wake: seva kadhaa, kiasi fulani cha diski, idadi fulani ya maombi kwa dakika. Mgao humkinga na bili ya kutisha programu yake ikipagawa, na huwakinga wateja wengine wasikose nafasi kwa sababu yake. Kinga hiyo ni ya lazima, ila inategemea hesabu ya matumizi, na hesabu ndiyo huharibika.

Chukua OpenStack, programu huria iliyoanzishwa mwaka 2010 na NASA pamoja na kampuni ya Rackspace. Sehemu yake inayosimamia seva, Nova, ilikuwa na daftari. Mtu akiomba seva, Nova iliandika kwanza kwamba nafasi imeshikwa, kisha ikathibitisha au ikafuta kulingana na matokeo. Kazi ikikatika katikati, maandishi yalibaki, na mteja akaambiwa mgao umejaa ilhali seva zenyewe hazipo. Toleo la Pike, la mwaka 2017, liliachana na daftari hilo: Nova ikaanza kuhesabu vilivyopo kila ombi linapofika. Naliunga mkono badiliko hilo, japo lina gharama. Maombi mawili yakifika pamoja, yote mawili yanaweza kuiona nafasi ileile na kupita, ndiyo maana Nova hukagua mara ya pili.

Kosa la hesabu huwa zito zaidi mashine inapopewa mamlaka ya kupunguza mgao yenyewe. Tarehe 14 Desemba 2020, kuanzia saa 8:46 mchana kwa saa za Afrika Mashariki, Gmail, YouTube na huduma nyingine za Google zinazomtaka mtu aingie kwa akaunti zilikwama duniani kote kwa dakika 47. Oktoba ya mwaka huo, huduma inayotambua akaunti ilikuwa imesajiliwa kwenye mfumo mpya wa mgao, lakini vipande vya mfumo wa zamani vikaachwa, vikawa vinaripoti kwamba matumizi ya huduma hiyo ni sifuri. Muhula wa subira kabla ya mgao kukazwa uliificha kasoro hiyo. Ulipokwisha, mfumo ukaipunguzia huduma ile mgao, ikashindwa kuandika taarifa mpya. Kinga dhidi ya makosa ya aina hiyo zilikuwepo, ila hazikuhusu huduma moja kuripoti sifuri. Kwa huduma inayotumiwa na umma mkubwa kiasi hicho, sifuri ilipaswa kumfikia binadamu kabla ya hatua yoyote kuchukuliwa.

Tarehe 12 Juni 2025, Google ilipokwama tena, hesabu haikuwa na kosa. Aliyeanguka ni mkaguzi mwenyewe. Kanuni ya mgao yenye sehemu tupu ilisambaa katika vituo vyote vya Google Cloud kwa sekunde chache, na programu inayokagua kila ombi ikawa inazimika kila ikiwaka. Seva za wateja zingeweza kuwa nzima kabisa, lakini ombi lisilokaguliwa halikupita. Google iliahidi kwamba siku nyingine ukaguzi huo ukishindwa, maombi yataruhusiwa yaendelee. Nadhani ndivyo inavyopaswa kuwa kwa mgao, ingawa nisingesema hivyo kuhusu nywila: mteja akizidisha matumizi kwa saa moja, ziada hiyo inaweza kudaiwa kesho yake, lakini muamala wa malipo uliokatwa katikati hauna wa kuurudisha.