Simu Imeiona Kompyuta, Mbona Picha Haiendi?

Msimu wa bonasi ya chai, saiba yangu hapa Litein hujaa wakulima wenye picha za stakabadhi za kuchapisha. Bando imeisha, waya hakuna, basi ni Bluetooth. "Kijana, hii kitu imekataa," mama ananiambia huku akininyoshea simu.

Swali langu la kwanza: simu hii iliwahi kuunganishwa na kompyuta hii? Mara nyingi jibu ni ndiyo, mwaka jana. Vifaa viwili vikiunganishwa huwekeana ufunguo wa siri, kila kimoja kikabaki na nakala. Mimi nikiweka Windows upya, nakala ya kompyuta hufutika ila simu bado inaing'ang'ania yake. Hapo ni kufuta jina la kifaa pande zote mbili na kuanza upya. Kufuta upande mmoja ni kazi bure.

Simu nyingi za Android huonekana tu ukurasa wa Bluetooth ukiwa wazi, kwa hiyo usiache skrini izime. Tarakimu 6 zikitokea, zilinganishe kabla ya kukubali. Saiba ina simu nyingi, na mawimbi hufika kama mita 10.

Kuunganishwa bado si kutuma. Kwenye Windows lazima kwanza ubofye "pokea faili", la sivyo simu itasema imeshindwa, na hapa ndipo wengi hukata tamaa. Mwenye iPhone simsumbui hata kidogo: haitumi picha kwa Windows kwa Bluetooth. Huyo namtafutia waya.