Goita: Kwa nini tezi ya shingo huvimba?

Mzazi, ukiona shingo ya mwanao inavimba kwa mbele, usikimbilie kumchanja chale. Mara nyingi tezi hiyo inatii amri.

Chini ya ubongo kuna tezi ndogo, pituitari, inayotoa protini iitwayo TSH. Protini hii husafiri kwenye damu hadi kwenye seli za tezi ya shingo na kuziagiza mambo mawili: zitengeneze homoni, na zikue. Homoni ikitosha, TSH hupungua. Lakini homoni haitengenezwi bila madini joto. Yakikosekana, TSH hupanda, seli huongezeka na tezi huvimba.

Mtu mzima huhitaji mikrogramu 150 za madini joto kwa siku. Mjamzito 250, kwa sababu ubongo wa mtoto tumboni hutegemea homoni hiyo. Usizidishe chumvi, bali nunua yenye madini joto, ihifadhi kwenye chombo chenye mfuniko na uitie chakula kinapokaribia kuiva.

Goita ina sababu nyingine pia, hivyo nenda kituo cha afya upimwe damu. Uvimbe ukiwa mgumu, ukikua haraka, sauti ikikwaruza au ukipata shida kumeza, usisubiri.