Subira ya Mke na Mlango wa Kadhi

Katika miji yetu ya pwani, bibi harusi huusiwa neno moja kabla ya mengine yote: vumilia. Siri ya nyumba, twamwambia, haitoki nje. Ndiyo maana mwanamke akionekana anaelekea kwa kadhi, watu hunong'ona.

Katika miaka ya 1980, mtaalamu wa anthropolojia kutoka Marekani, Susan Hirsch, aliketi katika mahakama za kadhi za pwani yetu, akisikiliza namna mke na mume wanavyozungumza mbele ya kadhi. Kitabu chake kilitoka mwaka 1998. Wengi hudhani kuwa mahakama ile ni ya wanaume, kwani kadhi ni mwanamume na talaka i mkononi mwa mume. Aliyoyaona Hirsch ni kinyume cha dhana hiyo: wengi wa waliofungua madai walikuwa wanawake, na mara nyingi walishinda.

Hata hivyo, alibaini jambo jingine. Mume hutamka talaka, na neno lake likatosha. Mke hana budi kusimulia: masurufu yaliyokatika, matusi, watoto wasiotazamwa. Ili apate haki yake, sharti aseme yale yale aliyousiwa kuyaficha. Aweza kushinda madai, na jina lake likabaki midomoni mwa watu.

Hapa yatupasa kujihoji. Gharama hiyo hakuitoza kadhi. Tumeitoza sisi, mawifi, mama wakwe, mashoga na majirani. Khaula binti Thaalaba alipomlalamikia Mtume (s.a.w.) juu ya mumewe, hakunyamazishwa, mjadala wake ndio uliolipa jina sura ya Al-Mujadala.

Sheria nayo iko wazi. Kifungu cha 170 cha Katiba ya mwaka 2010 chaipa mahakama ya kadhi mamlaka juu ya ndoa, talaka na mirathi baina ya Waislamu walioridhia kuhukumiwa nayo. Sheria ya Mahakama za Kadhi yaamuru mashahidi wote wasikizwe pasi na ubaguzi, awe mwanamume au mwanamke. Asiyeridhika na hukumu hukata rufaa Mahakama Kuu.

Basi tumwusiapo binti yetu subira, tumwusie pia kuhifadhi cheti chake cha ndoa, na kutuambia mapema anapodhulumiwa. Tutangulize sulhu. Sulhu ikishindikana, tumsindikize kwa kadhi, na tukirudi tufunge midomo yetu.